Sanamu ya upepo ijengwe kwenye ncha ya Ubwari, si mbele ya ofisi za Baraka

FIZI, Kivu ya Kusini. Kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kuanzia Swima na Mboko hadi kuingia Baraka, chuma kimesimama kila upande. Ni mabango ya miradi. Moja linatangaza choo kilichokwisha kubomoka, lingine kisima ambacho pampu yake haitoi maji tena, lingine shule ambayo mabati yake yaling'olewa na dhoruba. Mradi uliisha, gari jeupe likaondoka, bango likabaki linaliwa na kutu. Nyuma ya karakana za Baraka kuna mapipa yaliyopasuka, rimu za malori, fremu za baiskeli na makopo ya mafuta ya msaada.

Chuma hicho kinaweza kufanya kazi moja ambayo watu wa ziwa wanaihitaji: kuonyesha upepo. Kinaweza kuwa sanamu kubwa inayosukumwa na upepo wenyewe, bila mafuta na bila umeme, ambayo mvuvi anaiona kutoka mbali na kujua kama atatoka au atavuta mtumbwi pwani. Kinaweza pia kuwa kumbukumbu ya wale ambao ziwa liliwachukua bila kurudisha miili yao.

Kila wazo la namna hii likitajwa, majibu ni yaleyale. Wengine wanasema ni anasa wakati watu wanalala chini ya bashi. Wengine wanasema ni mchezo wa watoto. Wengine wanakubali haraka mno, kwa sharti kwamba sanamu iwekwe mjini Baraka, mbele ya ofisi, mahali pazuri pa kukata utepe. Hao wa mwisho ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu wataijenga mahali ambapo haitaona upepo.

Upepo hauonekani ukiwa Baraka

Mtoto wa Sebele anajua jambo hili, hata kama mwenye ofisi halijui. Mji wa Baraka uko ndani ya ghuba. Upande wa mashariki, Ubwari imenyosha mkono wake kuelekea kaskazini, na milima yake imesimama kama ukuta. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki unapanda ziwa kwa urefu wake wote. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, kwa hiyo mawimbi yana nafasi ya kukua njia nzima. Yakifika Ubwari, yanapiga upande wa nje. Ndani ya ghuba maji yanaweza kuwa yametulia kama maji ya beseni.

Ndiyo maana boti linaondoka bichi ya Baraka watu wakicheka, mizigo imepangwa hadi juu, mama amemfunga mtoto mgongoni. Linapanda kaskazini kutafuta mdomo wa ghuba. Linapokaribia rasi ya Banza, ukuta wa milima unaisha, na upepo ambao hakuna aliyeuona saa mbili kabla unapiga ubavuni. Hapo kugeuza boti lililojaa ni hatari kuliko kuendelea.

Masika ina hatari yake. Dhoruba inashuka ghafla kutoka milimani, mara nyingi jioni, wakati wavuvi wa ndagala wanapakia taa na nyavu. Haikai muda mrefu, lakini mtumbwi hauhitaji muda mrefu ili kupinduka.

Kwa hiyo sanamu ya upepo iliyowekwa katikati ya Baraka itasema uongo siku zile hasa ambazo ukweli unahitajika. Itasimama kimya, imepambwa rangi, na msafiri ataitazama na kuamini kwamba ziwa limelala. Mahali pake ni kwenye ncha ya Ubwari, juu ya mwinuko, ambapo boti zinazotoka na zinazoingia zinapita na ambapo upepo unafika bila kuzuiwa.

Wageni wamewahi kukosea mahali hapa tangu zamani. Mwaka 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walipita kwa mitumbwi wakielekea Uvira, wakaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Hadi leo ramani zinaiita ghuba hiyo kwa jina la Burton, ambaye hakujua kama ni ghuba. Wakaaji wa Ubwari, ambao walijua vizuri miguu yao inapokanyaga, hawakuulizwa. Kosa hilo lisirudiwe na watu wa mipango.

Kazi ambayo mafundi wa hapa wanaiweza

Hoja ya pili ya wapinzani ni kwamba kazi kama hii inahitaji mtaalamu kutoka nje. Si kweli. Inahitaji fundi wa kuchomelea, fundi baiskeli, mwashi mmoja na wazee wa uvuvi. Wote wako Baraka, Yungu na Kazimia. Wengine wako kati ya familia zilizokimbia vita, wamekaa bila kazi kwa sababu vyombo vyao vilibaki Uvira, Bukavu au kwenye nyanda za juu.

Nguzo ni bomba nene la chuma la urefu wa mita 6 hivi. Shimo lake lichimbwe kwa kina cha mita moja na nusu, lijazwe mawe na zege, na nyaya tatu za kushikilia zivutwe pande tatu. Wajenzi wengi hukosea hapo: wanatumia siku kumi kwenye mapambo na siku moja kwenye msingi, kisha dhoruba ya kwanza inalaza kila kitu.

Juu ya nguzo kinawekwa kichwa kinachozunguka. Kile kipande cha katikati ya gurudumu, chenye gololi ndani, kinatosha kwa sanamu ndogo kikitoka kwenye baiskeli. Kwa kubwa kitolewe kwenye pikipiki au gari bovu. Kijazwe grisi na kifunikwe kwa kopo ili maji ya mvua yasiingie. Kwenye kichwa hicho linafungwa bati pana lenye umbo la samaki. Mukeke unafaa: mwili mrefu, mkia mpana. Mkia ukiwa mkubwa kuliko kichwa, upepo utausukuma nyuma, na samaki atageuka mwenyewe kutazama upepo unakotoka, kama samaki hai anavyotazama mkondo.

Chini ya samaki yananing'inia mabati matatu yenye ukubwa sawa, kila moja kwenye bawaba zake. Upepo ukivuma, bati linanyanyuka. Hesabu yake ni rahisi, na fundi akiishika hahitaji mtaalamu. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake kwenye bati unaongezeka mara nne. Kasi ikiwa mara tatu, msukumo unakuwa mara tisa. Kwa hiyo kama bati la kwanza lina uzito wa kilo moja, la pili liongezewe chuma hadi kilo nne na la tatu hadi kilo tisa. La kwanza litanyanyuka kwa upepo wa kawaida. La pili litangoja upepo wenye kasi mara mbili. La tatu halitanyanyuka kiasi kilekile mpaka kasi ifike mara tatu, na siku hiyo hakuna mtumbwi unaostahili kuwa majini.

La kwanza lipakwe nyeupe, la pili njano, la tatu nyekundu. Mvuvi asiyejua kusoma atasoma.

Usiku rangi haionekani, na ndagala wanavuliwa usiku. Dawa yake iko kwenye kila uwanja wa shule: rimu ya lori inayogongwa kuita wanafunzi. Rimu kama hiyo itundikwe nyuma ya bati jekundu, ili bati likinyanyuka liigonge. Sauti hiyo itawafikia walio karibu na ncha. Kwa walio mbali, mlinzi mmoja mwenye simu anaweza kuwaambia watangazaji wa redio za jamii ni bati lipi linacheza, na habari ikasomwa jioni kabla ya wavuvi kutoka. Familia iliyohamishwa inayongoja boti ya asubuhi itaisikia pia.

Mambo mawili yasipuuzwe. La kwanza ni radi. Nguzo ya chuma juu ya mwinuko kando ya ziwa inaita radi, kwa hiyo lazima waya mnene uteremshwe kutoka nguzo hadi fimbo ndefu iliyozikwa ardhini, na watu wasijikinge mvua chini yake. Jambo hili lielezwe wazi kabla ya ujenzi, ili radi ikipiga asitafutwe mzee wa kusingiziwa uchawi. La pili ni majaribio. Rangi zisipakwe mwaka wa kwanza. Wazee wa uvuvi waitazame sanamu kiangazi kizima na masika nzima, walinganishe na wanayoyaona majini, ndipo uzito wa mabati urekebishwe. Alama isiyojaribiwa inaua watu wanaoiamini.

Kuhusu neno sanamu

Katika makanisa na misikiti ya Fizi, neno sanamu linaamsha mashaka, na wanaouliza wana haki ya kuuliza. Wanaogopa kitu kitakachosujudiwa. Jibu ni kwamba kazi hii haihitaji sura ya mtu, wala ya kiongozi, wala ya babu. Ni samaki wa bati anayegeuka na upepo. Kwenye minara ya makanisa mengi ya Ulaya kuna jogoo wa chuma anayefanya kazi hiyohiyo kwa karne nyingi, na hakuna anayemsujudia. Wasiopenda neno sanamu wakiite chombo cha upepo. Jina halitabadilisha kazi.

Kuhusu njaa

Hoja nzito kuliko zote ni ya njaa, na wanaoitoa si wajinga. Goma iliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, Bukavu Februari ya mwaka huohuo, na watu waliokimbia mapigano ya Kivu ya Kusini wamefika Fizi kwa miguu na kwa boti. Wengi wamepokelewa na wenyeji ambao wenyewe hawana chakula cha kutosha. Pale Lusenda na Mulongwe wamo pia wakimbizi wa Burundi. Mtu akisema unga uje kabla ya chuma, amesema jambo la haki.

Lakini chuma hiki hakinunuliwi kwa pesa ya unga. Tayari kimelala barabarani. Na njaa ya Baraka inapita ziwani: ndagala na mikeke vinatoka huko, na barabara ikifungwa na mapigano au na mito iliyofurika, muhogo, mafuta na wagonjwa vinapita majini. Mvuvi akizama, nyumba yake inaingia kwenye orodha ya wanaongoja msaada. Kumzuia asizame ni kazi ya chakula.

Wanaosema mtu mwenye njaa hawezi kushughulika na upepo wakumbuke kijana wa Malawi, William Kamkwamba, wa kijiji cha Masitala karibu na Kasungu. Njaa kubwa ya mwaka 2001 na 2002 ilimtoa shuleni kwa kukosa karo. Akaenda kusoma kwenye maktaba ndogo, akaokota vipande vya baiskeli, feni ya trekta na bomba la plastiki, akajenga kinu cha upepo juu ya nguzo za miti. Majirani walisema ana wazimu. Kinu kikawasha taa nyumbani kwao. Hakungoja njaa iishe ili aanze kufikiri.

Kuhusu chuma cha vita

Wapo watakaopendekeza sanamu ijengwe kwa bunduki, kwa sababu wamesikia habari za Msumbiji. Habari hizo ni za kweli na zinafaa kujulikana. Vita vya huko viliisha mwaka 1992. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa, likiongozwa na askofu wa Kianglikana Dinis Sengulane, lilianza kupokea silaha na kuwapa watu majembe, baiskeli na cherehani. Silaha zilikatwakatwa kwanza, kisha vipande vikapewa wasanii wa Maputo. Mwaka 2001 msanii Cristóvão Canhavato, anayejulikana kama Kester, alitengeneza kiti kizima kwa vipande hivyo. Hapa Kongo, Freddy Tsimba wa Kinshasa amejulikana duniani kwa sanamu za watu alizochomelea kwa maganda ya risasi, na aliwahi kujenga nyumba ya mapanga.

Kazi hizo ni kubwa. Fizi isiziige. Msumbiji ilianza baada ya amani kutiwa saini, na hapa vita havijaisha. Bunduki ikichomelewa kwenye nguzo ya Ubwari leo, swali la kwanza litakuwa: ni bunduki ya nani, na aliyeua nani? Sanamu itakuwa ya upande mmoja kabla haijakauka rangi. Tena mtoto akisikia kwamba chuma cha vita kinatafutwa, ataokota bomu ambalo halijalipuka na kulileta karakana. Kitu cha namna hiyo hakiguswi. Kinaachwa mahali kilipo na wanaohusika wanaitwa.

Kuna somo lingine kwenye kiti cha Kester. Leo kiko London, kwenye jumba la makumbusho la British Museum. Waingereza wanakitazama, mjane wa kijiji cha Msumbiji hana nauli ya kwenda kukitazama. Chuma cha Ubwari kibaki Ubwari. Nguzo iliyozikwa mita moja na nusu kwenye mawe haibebeki kirahisi.

Majina ya wasio na kaburi

Desemba 2014 boti iliyoitwa Mutambala, jina ambalo ni pia la sekta moja ya Fizi, ilizama upande wa Katanga. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na upepo ulikuwa mkali. Watu zaidi ya 120 walikufa. Oktoba 2024, kwenye Ziwa Kivu, boti Merdi ilipinduka karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakiona kutoka ufukweni. Kati ya misiba hiyo mikubwa kuna mitumbwi ambayo haikuandikwa mahali popote: wavuvi watatu, mama na watoto wawili, kijana aliyekimbia usiku risasi zilipolia.

Familia za watu hao hazina kaburi la kupalilia. Mwili usipopatikana, matanga hayaishi vizuri. Kuna mama anayeendelea kuangalia njia. Mabati ya sanamu hii yanaweza kuwa mahali pa majina. Fundi ana patasi na nyundo, na kila herufi inagongwa kwenye chuma mahali ambapo mvua haiifuti. Watoto wa marehemu watajua kwamba jina la baba linacheza na upepo uleule uliomchukua, na kwamba sasa linamwonya mwenzake.

Sharti moja liwekwe na lisivunjwe: majina yapangwe kwa herufi, bila kabila, bila kijiji cha asili, bila cheo. Mbembe, Mubwari, Mubuyu, Mfuliru, Munyamulenge na mkimbizi wa Burundi wakae kwenye bati moja. Ukumbusho mwingi katika nchi hii umekuwa njia ya kuhesabu wafu wa upande mmoja na kusahau wa upande wa pili. Ziwa halikuwahi kuchagua. Kama kundi lolote litadai bati lake peke yake, afadhali sanamu isijengwe.

Nani afanye nini

Sanamu hii haitazuia kila kifo. Haitapunguza abiria kwenye boti lililojaa, haitagawa makoti ya kuokolea maisha, haitawazuia wanaokusanya pesa bichini wakifumba macho. Kazi hizo zina wenyewe, na wasije wakajificha nyuma ya samaki wa bati. Wakati wowote boti linapozama, mwenye mamlaka anasema ni upepo. Upepo ukianza kuonekana kwa kila mtu, maneno hayo yatakuwa magumu kusemwa. Pengine ndiyo sababu nyingine ya baadhi ya watu kutopenda wazo hili.

Mashirika ambayo miradi yake imekwisha yatoe barua ya kurasa mbili tu: kwamba mabango yao yaliyooza yanaweza kung'olewa na kutumiwa. Hiyo itakuwa msaada bila mkutano wa hotelini. Vyama vya wavuvi na wenye boti wachague mahali, wakiwa majini, wala si mezani. Machifu wa vijiji vya ncha ya Ubwari watoe kiwanja mbele ya watu, ili mwaka kesho asitokee mtu na karatasi. Mafundi wa Baraka wachukue wanafunzi kati ya vijana waliohamishwa, ili wakirudi kwao wawe na ufundi mikononi. Kamati za waliohamishwa na mashirika ya kiraia wakusanye majina, nyumba kwa nyumba, wakianza na wajane.

Na viongozi wa mji, ambao watataka picha siku ya uzinduzi, wapande mtumbwi kama wengine, wavuke ghuba hadi kwenye ncha. Wachague siku ya Julai, mchana, bati la njano likiwa limenyanyuka. Wakifika salama, watakuwa na la kusema.